Kwa Nini Nyumba Yetu? Habari za Damu, Urithi na Kipindupindu

Mzee mmoja wa huku kwetu Bweremana alinijia asubuhi na mapema, kabla sijafungua chumba cha dawa. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe, kofia yake mkononi. Nilimjua. Siku tisa kabla ya hapo tulikuwa tumemzika mwanawe wa pili, kijana mwenye nguvu, mvuvi wa sambaza. Kijana huyo alianza kuharisha usiku, mtumbwi ukiwa katikati ya ziwa, na kulipopambazuka wenzake wakamleta kando akiwa hana sauti tena. Hakufika kwenye hema la kipindupindu.

“Muganga,” akasema, “nina neno moja la kuuliza, nawe usinifiche.”

“Karibu, Baba. Uliza.”

“Sisi na jirani yetu tunateka maji mahali pamoja. Wanawake wetu hushuka pamoja ziwani. Bidoni zao na zetu husimama pamoja mchangani. Kwake hakulala hata mtu mmoja. Kwangu wamelala wanne, na mmoja nimemzika. Maji ni yale yale. Basi kwa nini nyumba yangu?”

Sikumjibu mara moja, naye akaendelea kwa sauti ya chini. Jamaa zake walikuwa wamekwisha kupata jibu lao. Mke wa mwanawe wa kwanza alitoka upande wa Minova, na ukoo wa mama yake ulipoteza watu wengi kwa ugonjwa huo huo miaka ya nyuma. Wakasema ameingia na ugonjwa wa kwao. Wengine walisema neno baya kuliko hilo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiteka maji ya nyumba, na yeye hakuugua. Kikao kilikuwa kimewekwa siku ya Jumamosi, cha kumrudisha kwao pamoja na watoto wake wawili.

Hapa sina budi kukiri jambo. Mwaka mmoja kabla ya hapo mama mwingine aliniuliza swali kama hilo, nami nilimjibu upesi, kama sisi wauguzi tulivyozoea: “Ni uchafu tu, Mama. Nendeni mkaoshe mikono.” Nyumba ya mama yule ilikuwa safi kuliko yangu. Alikwenda zake na aibu juu ya msiba, na mtoto wake mwingine alipoanza kuharisha walimficha nusu siku nzima, kwa sababu hawakutaka kuitwa wachafu mara ya pili. Mtoto alipona, lakini kwa shida kubwa. Kwa hiyo mzee huyu nilipomwona amekaa juu ya jiwe lile, nilijua kwamba jibu langu la zamani halifai.

Swali lake lina jibu la kweli. Nilimweleza kwa muda wa saa nzima, na hapa naliandika, pamoja na mambo mengine niliyoyatafuta baadaye, kwa ajili ya kila nyumba inayouliza vivyo hivyo.

KIJIDUDU NA ROBINE ILIYOVUNJIKA

Kwanza tukumbuke kipindupindu ni kitu gani. Ni kijidudu kilichopinda kama koma, ambacho Robert Koch, daktari wa Ujerumani, alikitambua huko Misri na India mwaka 1883 na 1884. Hutoka katika mavi ya mgonjwa, huingia katika maji au chakula, na kumezwa na mtu mwingine. Hakuna njia ya tatu. Hakirushwi na mtu kwa jicho, wala hakifuati bibi arusi katika mizigo yake.

Kikifika katika utumbo mwembamba hakitoboi wala hakili nyama. Kinakaa juu ya ukuta wa utumbo na kutoa sumu. Sumu hiyo huingia katika chembe hai za ukuta na kuziamuru zimwage maji na chumvi bila kukoma. Fikiri robine ambayo mtu ameifungua kisha akavunja mpini wake. Mtu mzima aweza kupoteza lita 1 kwa saa 1. Mavi yanakuwa kama maji yaliyooshewa mchele, macho yanazama, sauti inapotea, vidole vinakunjamana. Kijana wa mzee alikufa kwa kukauka. Laiti maji na chumvi vingerudishwa mwilini mwake kwa kadiri ile ile vilivyotoka, angekuwa hai, kwa maana ugonjwa wenyewe hupita baada ya siku chache.

Sasa, watu kumi wakinywa maji yenye kijidudu hicho, hawataugua sawasawa. Wengi hawatasikia neno lo lote, ingawa mavi yao yatatoa vijidudu kwa siku kadhaa, na huenda jirani wa mzee ni mmoja wao. Wengine wataharisha kidogo na kusema ni maharagi ya jana. Wachache watamwagika kama ndoo iliyopinduliwa. Tofauti hiyo ina sababu nyingi. Mmoja alikunywa kikombe kilichojaa vijidudu, mwingine akanywa juu ya bidoni mahali palipokuwa na vichache. Mmoja aliwahi kuugua kipindupindu zamani, na mwili wake bado unakumbuka namna ya kupigana nacho. Mmoja tumbo lake lina asidi kali inayoua vijidudu kabla havijapita, na mwingine asidi yake ni dhaifu kwa sababu ya njaa au kwa dawa za kiungulia. Na sababu moja iko katika damu, nayo hurithiwa. Hiyo ndiyo mzee alikuwa akiitafuta bila kujua jina lake.

MAHARAGI YA RANGI MBILI

Mwaka 1901 Karl Landsteiner, huko Vienna, alionyesha kwamba damu za watu si za namna moja. Leo kila mtu aliyewahi kuongezewa damu, au aliyetoa damu kwa ajili ya ndugu yake, ameandikiwa kundi lake kwenye karatasi: A, B, AB au O. Herufi hizo ni majina ya alama ndogo za sukari zilizo juu ya chembe za damu. Mwenye A ana alama moja, mwenye B ana nyingine, mwenye AB anazo zote mbili, na mwenye O hana hata moja kati ya hizo.

Nilichukua maharagi katika bakuli nikamwonyesha mzee. Kila mtu, nilimwambia, amebeba maharagi mawili ya jambo hili, moja alipewa na baba na moja alipewa na mama. Naye akizaa atampa mtoto moja tu kati ya mawili yake, bila kuchagua. Haragi jeupe ni O. Haragi jekundu ni A. Mtu akiwa na jekundu moja na jeupe moja, jekundu ndilo linaloonekana, naye huitwa A, lakini jeupe limefichika ndani na aweza kumpa mtoto wake. Ili mtu awe O, lazima awe na meupe mawili. Yaani lazima baba ametoa jeupe na mama ametoa jeupe.

Mzee aliyashika maharagi akayatazama muda mrefu. Ni mwepesi wa kuelewa, kwa sababu amefuga ng'ombe huko juu Masisi zamani, na mfugaji hahitaji kufundishwa kwamba ndama huchukua huku na huku.

Na alama hizo hazikai katika damu tu. Ziko pia katika ukuta wa utumbo, mahali pale pale kijidudu kinapokuja kukaa. Kwa hiyo si ajabu kwamba kundi la damu lina neno la kusema katika magonjwa ya tumbo.

YALIYOONEKANA BANGLADESH NA PERU

Huko Matlab, katika nchi ya Bangladesh, waganga wamewaangalia wagonjwa wa kipindupindu miaka mingi kuliko karibu mahali popote duniani. Mwaka 1985 waliandika kwamba mwenye damu ya O hapati kijidudu upesi kuliko wenzake, lakini akikipata huugua vikali zaidi. Mwenye AB ndiye aliyeonekana kuwa na nafuu kuliko wote. Tena katika nchi ile ya mto Ganges, ambako kipindupindu kimekaa karne nyingi, watu wenye O ni wachache kuliko sehemu nyingi za dunia, na wataalamu wengi wanadhani kipindupindu chenyewe kimewapunguza, kizazi baada ya kizazi.

Kisha mwaka 1991 ugonjwa ukafika Peru, Amerika ya Kusini, ambako karibu robo tatu za watu wana damu ya O. Huko nako walioharisha vikali mno, hata kuhitaji kulazwa, walikuwa kwa wingi watu wa O. Na mwaka 2016 watafiti walitia sumu ya kipindupindu juu ya chembe za utumbo zilizokuzwa katika vyombo, wakaona kwamba chembe za O zinaitikia sumu kwa nguvu kuliko chembe za A. Robine ya O hufunguliwa zaidi.

Basi mzee hakuwa akisema upuzi. Jambo la tumbo laweza kukaa katika ukoo. Nyumba ambayo baba ni O na mama ni O, watoto wote ni O, na kipindupindu kikiingia humo huenda kikaangusha wengi vikali, na jirani mwenye A akabaki anashangaa. Aliyesema “kuna kitu katika nyumba hii” aliona sawa. Alikosea alipokitafuta kwa mkwe.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa O ni pengo, kwa nini Afrika tuna watu wengi wa O? Nadhani hapa kuna jambo la kutufanya tuwe wanyenyekevu. Mwaka 2007 watafiti waliowachunguza watoto wa Mali waliandika kwamba mtoto mwenye O ana hatari ndogo zaidi ya kupata malaria kali, pungufu kwa karibu theluthi mbili. Chembe za damu zenye malaria hazishikamani vizuri na chembe za O, kwa hiyo haziwezi kuziba mishipa midogo kwa urahisi. Damu ile ile ni ngao mbele ya mbu na ni pengo mbele ya maji machafu. Anthony Allison alionyesha jambo la namna hiyo mwaka 1954, kwa watu wa Kenya na Uganda, kuhusu seli mundu: mwenye haragi moja la ugonjwa huo hulindwa na malaria, mwenye mawili huteseka. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba ukoo fulani una damu mbaya. Bila ngao hiyo ya malaria, huenda babu yake mzee asingekua hata kuzaa.

MWAKA 1994

Lakini sasa nataka msomaji aende pamoja nami hadi Goma, mwendo wa nusu siku kutoka hapa kwa gari barabara ikiwa mbaya, kwa sababu pale tulifundishwa kitu kikubwa kuliko habari za damu.

Nilikuwa mtoto wa shule. Katikati ya Julai 1994, kwa siku tano hivi, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka kutoka Rwanda. Walilala barabarani, sokoni, hata chini ya Nyiragongo juu ya mawe ya volkano. Baadaye wakapelekwa katika makambi ya Kibumba, Katale na Mugunga. Pale chini ni mawe matupu ya moto wa zamani. Huwezi kuchimba choo, huwezi kuchimba kisima, huwezi kuchimba kaburi. Maji yaliyokuwapo ni Ziwa Kivu, na watu wote waliingia ziwani kuteka, kuoga na kujisaidia mahali pamoja. Julai 20 kipindupindu kikathibitishwa. Nakumbuka mikeka barabarani upande wa Mugunga. Mama alinifunika macho kwa kitenge, lakini miguu ilikuwa inaonekana chini ya mikeka, na watoto huona chini ya kitenge.

Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu, kisha kwa kuhara damu kulikokuja nyuma yake. Katika siku za kwanza, kati ya wagonjwa 100 wa kipindupindu waliofika kwa waganga, walikufa hata 22. Majuma machache baadaye walikufa 2 au 3 tu katika kila 100.

Hapo nilimwomba mzee asimame kidogo afikiri. Watu wa Julai na watu wa Agosti walikuwa ni watu wale wale. Wenye O walikuwa O, wenye A walikuwa A. Hakuna aliyebadilishiwa damu. Kilichobadilika ni kwamba magari ya maji yalifika, dawa ya klorini ikatiwa katika maji, na waganga wakajifunza kurudisha maji mwilini upesi. Timu ya waganga kutoka Bangladesh, waliozoea ugonjwa huu, ilifika Goma, na baadaye wakaandika bila kuficha kwamba wengi walikufa hata baada ya kufika mahali pa matibabu, kwa sababu serumu ilitolewa polepole mno, au ilikuwa ya namna isiyofaa, na maji ya chumvi ya kunywa yalitumika kidogo.

Turudi Peru tuone upande wa pili. Nchi ya watu wa O, ile niliyoitaja. Mwaka 1991 waliugua huko zaidi ya watu 320,000. Kama damu ndiyo inayoua, Peru ingejaa makaburi. Walikufa watu wasiofika 3,000, yaani chini ya 1 katika kila 100. Walikuwa na pakiti za chumvi, walikuwa na serumu, na watu walifika mapema.

Mzee aliniuliza mara mbili kama hesabu hiyo ni ya kweli. Nikamwambia ndiyo, ni ya kweli.

MAGONJWA MENGINE YA TUMBO YENYE URITHI

Ningeweza kuishia hapo, lakini wasomaji huniuliza pia juu ya kuhara kwa muda mrefu, na hapa urithi unaingia kwa namna nyingine.

Kuna alama nyingine ya mwilini ambayo watu wengine huimwaga katika mate na katika ute wa matumbo, na wengine hawana uwezo huo. Asiyemwaga, na huyo ni kama mtu 1 katika kila 5, hapati kwa urahisi virusi viitwavyo norovirusi, ambavyo huleta kutapika na kuhara kwa ghafula. Virusi hivyo havioni mahali pa kushika. Ni bahati njema, sivyo? Lakini mtu huyo huyo ana hatari kubwa kidogo ya kupata ugonjwa wa Crohn, ambao ni uvimbe wa matumbo usiokwisha, wenye maumivu, kuhara na kukonda. Tena unaona ngao na pengo katika mkono mmoja.

Ugonjwa huo wa Crohn uliandikwa huko New York mwaka 1932, na mwaka 2001 ukapatikana urithi wa kwanza unaouongeza, uitwao NOD2. Kazi ya NOD2 ni kama mlinzi wa usiku: hutambua vipande vya vijidudu ndani ya chembe. Mlinzi akiwa na kasoro, vijidudu vya kawaida vya matumbo husumbua ukuta, na mwili hujipiga wenyewe. Kasoro hizo tatu zinazojulikana zaidi hupatikana kwa watu wa Ulaya, na ni nadra mno kwa Waafrika. Na hata pacha wa kufanana, wenye urithi mmoja kabisa, mmoja akiwa na Crohn mara nyingi mwingine hana. Urithi peke yake hautoshi kumwangusha mtu.

Nasema haya ili nitoe onyo moja. Hapa kwetu, mtu anayehara damu miezi miwili asijifariji kwamba ni ugonjwa wa ukoo wao. Mara nyingi sana ni amiba, au kijidudu cha Shigella, ambacho hata vichache kama 10 hadi 100 vinatosha kumwambukiza mtu, au kichocho, au kifua kikuu kilichoshuka matumboni. Kifua kikuu cha matumbo na ugonjwa wa Crohn hufanana mno hata machoni pa daktari, na dawa za kutuliza uvimbe apewazo mwenye Crohn zaweza kumwua mwenye kifua kikuu kisichotambuliwa. Basi mavi yapimwe, makohozi yapimwe, mtu apelekwe hospitali. Usinunue vidonge sokoni kwa sababu shangazi yako alipona kwa vidonge vile.

NYUMBA INAYOFAHAMU KWAMBA NI YA O

Je, watu wapimwe damu ili wajue nani wa kuogopa? La. Wala kijana asimwache mchumba wake kwa sababu ya herufi kwenye karatasi. Lakini kama unajua tayari kwamba nyumba yenu ni ya O, au kama tu unajua kwamba kwenu kipindupindu kikiingia hupiga vikali, basi una sababu ya kuwa mwepesi kuliko jirani yako.  Wewe usingoje.

Weka pakiti za SRO nyumbani kabla ya msimu wa ugonjwa, mahali panya hawafiki. Pakiti 1 hutiwa katika lita 1 ya maji safi, si zaidi wala si pungufu. Pakiti zikiisha, pima lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, visiwe na kilima. Chumvi ikizidi inadhuru, hasa kwa mtoto. Mgonjwa anywe tangu mara ya kwanza ya kuhara kwa maji, anywe njiani akibebwa, anywe hata akitapika: ngoja dakika 10, kisha mpe tena kwa kijiko. Mtoto wa titi aendelee kunyonya.

Maji haya ya chumvi na sukari yana historia ambayo naipenda. Mwaka 1971, wakimbizi wa Bangladesh walipojaa mjini Bangaon, India, serumu ilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya chumvi na sukari katika madumu na kuwapa jamaa wawanyweshe wagonjwa wao kwa vikombe. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika kila 100 mpaka chini ya 4. Walionywesha walikuwa mama na dada. Hawakuwa waganga.

Kuhusu maji ya ziwa, najua maneno ya watu. Wanasema Kivu ni maji mengi, uchafu unapotea humo. Goma mwaka 1994 ilikuwa na ziwa hili hili. Palipo na mtu wa klorini kando ya ziwa, simama kwenye mstari wake, kisha acha bidoni itulie dakika 30 kabla ya kunywa. Asipokuwapo, chemsha. Kuni ni ghali, najua. Chemsha basi ya kunywa tu, na usiyachanganye na ya kuoshea. Na chanjo ya kumeza ikija kijijini, nendeni, hata kama ni dozi moja: tangu Oktoba 2022 wakati wa mlipuko hutolewa dozi 1 badala ya 2, kwa sababu chanjo ni haba duniani.

KIKAO CHA JUMAMOSI

Mzee aliponyamaza, nilimwomba karatasi yake ya damu. Alikuwa nayo katika mfuko wa koti, imekunjwa mara nne, kwa kuwa aliwahi kumtolea damu dada yake akizaa. Ilisomeka O. Nikamwuliza juu ya marehemu. Kijana naye aliwahi kupimwa alipoumia mguu na kuongezewa damu. Naye alikuwa O.

Nikarudisha maharagi mezani. “Baba, mwanao alikuwa na maharagi meupe mawili. Moja alilitoa nani?”

Akasema, “Mimi.”

“Na la pili?”

“Mama yake.” Mama huyo alikwisha kufa zamani.

“Na mkwe wako alimpa lipi?”

Hakujibu. Nilimwambia wazi kwamba sidai kuwa damu ndiyo iliyomwua kijana. Mtu mmoja si ushahidi, na labda angemwagika vile vile akiwa na A, kwa maana alikuwa ndani ya mtumbwi usiku kucha bila tone la maji ya chumvi. Lakini kama kweli kulikuwa na kitu cha ukoo katika msiba ule, kilitoka kwake yeye na kwa mke wake aliyempenda, nao walikipata kwa wazazi wao, pamoja na ngao ya malaria iliyowafikisha utu uzima. Yule binti hakuleta hata haragi moja katika mwili wa shemeji yake. Na kuhusu kwamba hakuugua, tena ndiye aliyeteka maji: anayeteka maji kila siku kwa miaka mingi huenda amekwisha kuonja kijidudu hicho kidogo kidogo, na mwili wake umejifunza. Watu wengi walio kando ya ziwa wako hivyo.

Aliondoka bila kuniaga vizuri. Jambo hilo lilinisumbua mpaka jioni, nikadhani nimemwumiza kwa kumtaja mkewe.

Jumamosi sikuitwa kwenye kikao, wala si mahali pangu. Jumatatu asubuhi alikuwa tena juu ya jiwe lile, na bidoni mbili tupu miguuni pake. Aliniuliza kipimo cha klorini kwa bidoni ya lita 20, na kama pakiti za SRO zinaweza kukaa ndani ya mtumbwi bila kuharibika na unyevu. Nikamwambia azifunge katika mfuko wa plastiki na kuzitia katika kopo lenye kifuniko. Nyuma yake alisimama binti yule wa Minova, mtoto mgongoni, akihesabu pakiti nilizompa mkwewe, kisha akaniomba nyingine sita.